Jasho la Buhendwa kwenye Mteremko wa Ngomo

Sitaandika hapa nilipandishwa cheo mara ngapi. Anayetaka kujua aje nyumbani; diploma zangu ziko ukutani sebuleni, na mke wangu atamwonyesha hata asipoomba. Ninachotaka kuwaachia ninyi wauguzi na waganga wasaidizi mnaoanza kazi ni habari ya jasho. Katika miaka yangu yote ya wodini nimeona watu wakichomwa sindano zisizo zao, wakiitiwa padri kabla ya wakati, na wakitaka kufukuzana majumbani, kwa sababu tu mmoja alitokwa jasho na mwenzake akadhani anajua lilikotoka.

Mimi ni mtoto wa Nyangezi. Baba yangu alilima migomba na kanisani alikaa benchi la nyuma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala chifu aliyeniandikia barua. Mapadri walinifundisha kusoma, lakini waliwafundisha wengi. Aliyeshinda mtihani wa kwenda Léopoldville, kwenye shule ya waganga wasaidizi, nilikuwa mimi. Nilikaa huko miaka sita, nikila kwanga, mkate wa muhogo, badala ya bukari, ugali wetu, nikajua matusi ya Kilingala kabla ya salamu zake. Tulioanza tulijaza darasa. Waliomaliza wangeenea kwenye meza moja, na kiti cha mwisho kingebaki wazi. Sisemi hivyo kwa majivuno. Ukweli ukiamua kukusifu, si kazi yako kuuzuia.

Mwalimu wetu wa wodini alikuwa Mbelgiji mfupi mwenye upara, na alitembea na penseli ndefu sikioni. Mwanafunzi akiweka kiganja kwenye paji la uso la mgonjwa, penseli ilishuka juu ya vifundo vya vidole vyake. "Mkono wako ulikuwa wapi kabla ya hapo?" aliuliza. "Mfukoni? Basi umepima joto la mfuko." Nilipofuzu wa kwanza katika mazoezi ya kitandani, alinipa kipimajoto ndani ya mrija wa chuma wenye kifuniko. Wenzangu walipewa mikono ya pongezi. Kipimajoto hicho nilikitumia mpaka namba zake zilipofifia, na hata zilipofifia nilizijua kwa kichwa.

Nilirudi kwa meli hadi Stanleyville, kisha kwa lori katikati ya msitu, nikafika wakati mji ulikuwa unazoea tena kuitwa Bukavu baada ya miaka mingi ya kubeba jina la Mzungu. Nilivaa viatu vyeupe na kofia ngumu ya jua. Watu wa mtaa wa Kadutu walitoka milangoni kunitazama. Niliwaruhusu.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya watu weusi, nilimkuta daktari wa wodi, Mbelgiji mrefu ambaye jina lake halina kazi hapa. Tulimwita Docta, nami nitamwita hivyo, ingawa wagonjwa waliniita mimi pia Docta. Aliisoma diploma yangu, akaigeuza akasoma na nyuma, kana kwamba bei imeandikwa huko. Akasema, "Vizuri. Anza na mabakuli." Nikaosha mabakuli. Nawaambieni, mabakuli yale hayakuwahi kuoshwa na mtu mwenye elimu kubwa kama hiyo, na yalionekana.

Baada ya mabakuli ndipo nilipoona jinsi kazi ilivyofanyika. Asubuhi, muuguzi alipita kitanda kwa kitanda akigusa mapaji ya nyuso. Mgonjwa mwenye moto na jasho alikuwa na malaria, akapewa kwinini. Mwenye kushika tumbo alikuwa na amiba, akachomwa emetini. Mwenye vyote viwili alipewa vyote viwili. Wodi nzima iligawanyika makabila mawili, kabila la kwinini na kabila la emetini, na walioolewa pande zote mbili ndio waliopata taabu kuliko wote.

Mmoja wao alikuwa Buhendwa.

Buhendwa alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja aliyekaa Nguba, kule kwenye nyumba za Wazungu kando ya ziwa. Alipeleka mizigo Uvira kwa njia ya Nyangezi na mteremko wa Ngomo. Alikuwa na mabega ya kubeba injini na sauti ya kuita kivuko. Lakini alipoletwa wodini mara ya kwanza mbele yangu, alikuwa amejikunja, shati limemgandama mwilini, na uso wake, mweusi kama wangu, uling'aa kama sufuria iliyoepuliwa motoni. Kwenye faili lake kulikuwa na kwinini, emetini, kwinini, na emetini tena.

"Papa Buhendwa," nikamuuliza, "inaanza namna gani?"

"Docta, inaanza mu tumbo. Tumbo inajifunga kama kamba. Kisha moto inapanda huku, mu kifua, inakamata shingo, inakamata masikio. Kisha jasho. Jasho sawa vile batu banamwanga maji juu yangu."

"Halafu?"

"Halafu nakimbia ku kabine, ku choo. Nikitoka kule, moto iko inashuka, naanza kusikia baridi."

"Usiku unatetemeka?"

"Usiku nakoroma. Uliza bibi yangu."

Zingatieni jibu hilo. Mtu wa malaria hajisifu kwa kukoroma. Nilitoa kipimajoto changu, nikakiweka kwapani, nikasubiri, nikasoma: hakuna homa. Nikampelekea Docta habari hiyo kwa sauti ambayo, nakiri, ilisikika mpaka jikoni.

Docta hakuinua kichwa. "Kwapa lenye maji linadanganya," alisema. "Jasho linapoza ngozi. Hujafundishwa hilo?"

Nilikuwa nimefundishwa. Na katika hilo alikuwa na haki: kwapa likiwa limelowa, kipimajoto kinaweza kusoma chini ya ukweli. Kwa hiyo kausheni kwapa kwa kitambaa kwanza, kausheni kwa kugandamiza bila kusugua, kwa maana kusugua nako kunaleta joto. Mkitaka uhakika zaidi, pimeni kwa njia ya nyuma. Nikamwambia Docta kwamba nitapima kwa njia ya nyuma. Akasema, "Pima unakotaka."

Buhendwa alipoelewa nilichokusudia, aliketi kitandani wima kama mtu aliyepona.

"Docta, wewe uko mutu wa Nyangezi. Bibi yangu iko mutu wa Nyangezi. Unataka kuniweka chupa wapi?"

"Si chupa. Ni kipimajoto."

"Hata kama iko rozari!"

"Basi chagua, papa. Hiki, au emetini mara nyingine."

Emetini aliijua. Makalio yake yalikuwa magumu kama ubao kwa sindano zilizopita, na dawa ile ilikuwa imeufanya moyo wake upige ovyo hata alipokuwa amelala. Alichagua. Wagonjwa wote wa wodi waligeukia ukutani kwa heshima, isipokuwa mzee mmoja wa kitanda cha mwisho aliyewasimulia wengine jinsi kazi inavyoendelea. Jasho lilikuwa bado linamtiririka Buhendwa usoni, na kipimajoto kilisema mwili wake ni wa kawaida kabisa.

Sikuishia hapo. Nilichukua choo chake kikiwa bado na joto na kukiweka chini ya darubini mwenyewe, kwa maana amiba ikipoa haitembei, na ikiwa haitembei unaweza kuitafuta mpaka Pasaka. Nilitazama asubuhi, nikatazama tena siku nyingine. Hakuna amiba, hakuna damu, ute kidogo tu. Macho yangu kwenye darubini yalisifiwa Léopoldville. Mkiniambia kulikuwa na amiba sikuiona, nitawaambia haikuzaliwa. Mwili wake haukukonda, na tumbo halikumwamsha usingizini. Mambo hayo manne, homa, damu, kukonda na tumbo linaloamsha mtu, yakikosekana yote, acheni kukimbilia sindano.

Docta alitazama matokeo yangu. Kisha akasema, "Si malaria. Si amiba. Basi ni uvivu. Mruhusu aende."

Nilikuwa nimeshinda, na mgonjwa wangu akatoka bila ugonjwa wenye jina. Nilijipongeza mchana ule wote. Kumbe ushindi wangu ulikuwa umetoka nje ya lango la hospitali mbele yangu, ukapanda mpaka mtaa wa Cimpunda, ukaingia nyumbani kwa Buhendwa.

Mkewe, Nabintu, alinifuata kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Alikuwa na mtoto mgongoni na hakutaka kuketi.

"Papa Docta, ni wewe ulisema haiko malaria, haiko amiba?"

"Ni mimi," nikasema, nikingoja shukrani.

"Basi shemeji yangu Bahizire anasema: kama Muzungu haioni kitu, njo karuho. Na ku nyumba yetu mutu mwenye alikuja nyuma iko mumoja tu. Mama yangu."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: njo ni ndiyo, na karuho ni sumu ya polepole, ile ambayo watu husema mtu huwekewa katika kinywaji, ikamla kwa miezi. Kwa ajili yake, kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Ni adabu, na ni kinga. Lakini tuna adabu nyingine: mama mkwe hali wala hanywi mbele ya mume wa binti yake, wala hamtazami usoni. Mama yake Nabintu, mjane tuliyemwita M'Cirhuza, maana yake binti wa Cirhuza, alikuwa ametoka Nyangezi kuja kumsaidia binti yake alipojifungua. Akabaki. Alipika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, vizuri kuliko mwanamke yeyote wa Cimpunda, akaipeleka mezani kwa mkwe wake akiwa amegeuza uso. Hakuwahi kuionja mbele yake. Angeionja, angevunja heshima. Kwa kutoionja, alikuwa ametajwa.

"Bahizire ameita familia," Nabintu alisema. "Siku ya Mungu, nyuma ya misa. Watamuweka mama ku barabara na mafurushi yake."

Yeye hakulia, kwa hiyo nami nikajizuia. Nilijua maana ya jambo hilo. Mjane akishatajwa kwa karuho, hafukuzwi nyumba moja. Nyangezi angefika habari zikiwa zimefika kabla yake. Hakuna ambaye angepokea kikombe mkononi mwake, hakuna ambaye angempa kaa la moto awashie jiko lake. Na neno lililompeleka huko lilikuwa limetoka kinywani mwangu, ingawa lilikuwa neno sahihi.

"Hataondoka," nikamwambia.

"Nani anasema?"

"Mimi."

Alinitazama kuanzia viatu vyeupe mpaka juu. "Papa Docta, Bahizire haiogope viatu."

Siku ya Alhamisi niliomba ruhusa. Docta aliuliza naenda wapi. Nikamjibu kwamba naenda kumpima mvivu akiwa kazini. Alicheka, na kwa kuwa alicheka akaniruhusu.

Alfajiri ya Ijumaa Buhendwa alikula kwangu. Uji mmoja, sufuria moja, ndizi za kuchemsha kutoka mkononi mwa mke wangu. Hakugusa kitu cha kwao. Nikapanda lori, nikakaa kando yake na kipimajoto mfukoni. Kutoka mjini aliimba. Alinionyesha kona aliyoipenda, mwanamke anayeuza miwa mizuri, mahali ambapo lori la mwenzake lilizama kwenye matope mpaka vioo. Tulipita Nyangezi naye akipiga honi kwa kila aliyemjua, na aliwajua wote.

Baada ya Nyangezi wimbo ukaisha. Alianza kupangusa kiganja kwenye suruali, mkono mmoja, halafu mwingine. Akateremsha kioo zaidi, ingawa upepo wa mlimani ulikuwa wa kuvaa sweta.

Waliofika Ngomo wanajua: barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima, upana wa gari moja, upande mmoja mwamba na upande wa pili hewa. Magari ya kushuka hungoja kwenye kizuizi mpaka yale ya kupanda yamalizike. Tulisimama nyuma ya malori mengine, tukangoja. Buhendwa alizima injini, akaushika usukani kama mtu anayeuzuia usiondoke.

"Inakuja," alisema.

Niliiona ikija. Tumbo lilikakamaa chini ya mkono wangu, nikasikia linavyonguruma. Kisha joto likapanda, shingo ikavimba mishipa, uso ukang'aa, na jasho likatoka juu ya mdomo, kwenye paji, mpaka kwenye masikio. Mshipa wa mkono ulipiga haraka. Nilikausha kwapa, nikaweka kipimajoto, nikaushikilia mkono wake mimi mwenyewe. Thelathini na sita na nusu. Mimi niliyekuwa nasikia baridi kando yake nilikuwa na joto lile lile. Akafungua mlango, akakimbilia kwenye matete.

Aliporudi alikuwa anatetemeka kidogo kwa ubaridi wa shati lililolowa. Nilimpa koti langu. Lilikuwa koti zuri.

"Papa Buhendwa, leo umekula nini cha mama mkwe wako?"

"Hakuna."

"Na jana?"

"Tangu ile maneno ianze sikulangi kitu yake."

"Basi nani amekuwekea karuho hapa, mlinzi wa kizuizi?"

Hakucheka. Alitazama mbele, kwenye kona ya kwanza ya mteremko. Malori ya kupanda yalikuwa yanapita moja moja, na dereva wa kila moja alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuungama. Hatimaye akasema:

"Safari alikuwa mbele yangu pale. Rafiki yangu. Frein, ile breki, ikakataa. Nilimuona anageuka ananitazama. Kisha hakuna lori, iko vumbi tu." Akapangusa tena viganja kwenye suruali. "Haikulia sawa lori, Docta. Ililia sawa mabati."

Tangu siku hiyo, alisema, akijua kesho yake kuna Ngomo, tumbo huanza. Kwa hiyo hakula mchana kutwa ili lisiwe na kitu cha kumwaga njiani, na jioni, akishafika salama, alikula mlima wa bukari na maharagi na pilipili, akateremshia kasiksi. Usiku ulipita. Asubuhi utumbo ulilipiza. Mkewe hakujua sababu, wala kaka yake, kwa maana dereva anayeogopa hapewi ufunguo.

"Usiseme ku mutu," akaniambia.

"Sitasema. Siri ya mgonjwa si mali yangu. Lakini wewe utasema, Jumapili."

"Nitapoteza kazi."

"Na yeye atapoteza nini?"

Mlinzi alitupungia kijibendera. Buhendwa akawasha injini. Tulishuka mteremko mzima, na nawaambia kwa ukweli wote, nilimwona mtu akiendesha vizuri kuliko nilivyowahi kuona, akiwa amelowa mpaka mkanda wa suruali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefumba macho, kwa sababu za kitabibu.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye kazi yenu. Utumbo una mishipa yake ya fahamu, na mishipa hiyo ni ndugu wa ile inayofungua jasho, inayopanua mishipa ya damu usoni na kuuharakisha moyo. Utumbo wenye mkereketo ukijikunja kwa maumivu, ndugu wote huitika. Ndiyo maana mtu huungua, hulowa, kisha hupata baridi, bila kijidudu kimoja cha malaria mwilini. Hofu huwasha, njaa ndefu huwasha, mlo mkubwa wa pupa huwasha, pilipili na pombe huchochea. Joto hilo si uongo wala uvivu. Mgonjwa analisikia kweli. Kosa ni kuliita homa. Muulizeni linaanza wapi na linaishia wapi. Likianza na tumbo na kutulia baada ya choo, mmeshika kamba. Mkimkuta mwanamke aliyekaribia kukoma hedhi, ulizeni zaidi, kwa maana yeye ana joto jingine linalokuja bila tumbo. Na kipimajoto kikipanda, sahauni maneno yangu yote mtafute ugonjwa mwingine.

Jumamosi nilimweleza Docta nilichopima kizuizini. Sikumweleza habari ya Safari. Aliuliza maswali mazuri, lazima niseme, kisha akawasha kiko. "Colite spasmodique," alisema, yaani mkakamao wa utumbo. "Nililifikiria tangu mwanzo." Nilimwachia. Diploma ilinifundisha mengi, na moja lilikuwa kumwachia Mzungu sentensi ya mwisho ukishapata ile ya kwanza. Aliandika matone ya beladona kabla ya chakula. Matone hayo yahesabiwe na mtu mzima: yakizidi, yenyewe yanakausha mdomo na kuwasha uso, na mtarudi mlipoanza. Nami niliongeza langu: chakula kidogo mara nyingi, maharagi yaliyomenywa, kitambaa cha moto tumboni, na pombe hapana.

Jumapili nilivaa tai. Nyumbani kwa Buhendwa, Cimpunda, ua ulikuwa umejaa ndugu na majirani waliotoka misa na vitabu vyao vya sala mikononi. Katikati palikuwa na mtungi wa kasiksi na mirija yake ya matete, na hakuna aliyeukaribia. M'Cirhuza alikuwa mlangoni mwa jiko, ametupa mgongo, mafurushi mawili miguuni. Yeye mwenyewe alikuwa ameyafunga. Bahizire, kaka mkubwa wa Buhendwa, seremala mwenye mikono mipana, alinipa kiti.

Nilizungumza. Nilizungumza vizuri. Nilieleza utumbo, mishipa, jasho, beladona; nilitumia Kifaransa palipohitaji Kifaransa, na mara moja Kilatini. Nilipomaliza, kuku mmoja alipita.

"Docta, aksanti sana juu ya Kifaransa," Bahizire alisema. "Sasa tuambie: ni nani aliweka?"

"Hakuna aliyeweka."

"Ile termometri haijue mambo ya sisi Bashi. Karuho haina homa. Huyu mwanamuke alileta kasiksi. Alionja mbele ya nani?"

"Ulitaka aonje mbele ya mkwe wake?" nikasema. "Umlaumu kwa karuho, au umlaumu kwa kukosa heshima? Chagua moja."

Wazee wawili waliguna, na niliona neno hilo limeingia. Lakini Bahizire alikuwa seremala. Alijua kupiga msumari mara ya pili. "Basi ndugu yangu anaugua nini? Mutu nguvu hivi, analoa maji kama mutoto wa batizo. Kama haiko sumu, iko nini? Sema!"

Nilijua. Nilikuwa nimekaa juu ya jibu kama mtu aliyekaa juu ya kaa la moto. Nilimtazama Buhendwa. Mkewe alimtazama pia, kisha akainama, akaanza kumfunga mtoto mgongoni ili amsindikize mama yake.

"Inakuja," Buhendwa akaniambia polepole. Uso ulikuwa tayari unawaka. "Leta ile chupa." Kisha akaongeza upesi, "Ya ku kwapa."

Nilikausha, nikaweka. Akasimama mbele ya watu wote, mkono mmoja umebana kipimajoto, jasho likidondoka kidevuni.

"Iko karuho! Muone!" Bahizire akapaza sauti.

"Nyamaza, yaya," Buhendwa alimwambia kaka yake. "Mimi naogopa Ngomo."

Hakulipangusa jasho lake.

"Nilimuona Safari akianguka. Tangu ile siku naogopa. Tumbo yangu inaogopa mbele ya mimi mwenyewe, inafunga, moto inapanda, jasho inatoka. Sasa vile naogopa ninyi. Muone jasho. Nani aliniwekea kitu leo? Njo ile ile. Mama huyu hakunifanya kitu. Mimi njo nilinyamaza."

Namaliza hapa habari ya kazi yake ili nisiirudie: maneno yalimfikia mwajiri wa Nguba kabla ya jioni, kama alivyoogopa. Alinyang'anywa lori la Uvira na kupewa lile kuukuu la matofali la mjini, ambalo halikuwa na kona ya kutisha isipokuwa ile ya soko. Baadhi ya madereva walimcheka. Tumbo lilimrudia mara mojamoja, maana ugonjwa huo hauagi, lakini alijua jina lake na alikula mchana.

Siku ile, uani, hakujua bado lolote la hayo. Aliusogelea mtungi. Nikafungua mdomo kumkataza pombe, nikaufunga. Akainama, akauvuta mrija mara moja, mbele ya wote, yeye mwenyewe aliyesemekana kulishwa sumu, akaonja kwa niaba ya yule asiyeweza kuonja mbele yake. Kisha akampa Bahizire mrija. Bahizire aliushika mkononi muda mrefu. Akanywa.

M'Cirhuza hakugeuka. Alisema na ukuta wa jiko, kupitia kwa binti yake, kama heshima inavyotaka:

"Nabintu, ambia mume wako: hata baba yako, Mungu amuweke, alikuwa anaogopa Ngomo. Yeye alikuwa anaishuka na miguu."

Watu wakaanza kucheka, kwanza wazee, halafu ua wote, na Buhendwa mwenyewe akacheka mpaka akashika tumbo, safari hii kwa sababu nyingine. Nabintu akayainua mafurushi mawili, akayarudisha ndani.

Nikakumbuka kwamba kipimajoto changu kilikuwa bado kwapani mwake. Nikakitoa, nikakiinua kwenye mwanga, nikakisoma kwa sauti, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Mashi, lugha yetu, ili asije mtu akasema hakusikia: thelathini na sita na nusu.